Mwito wa Chachu

Katika bonde lile, ukitaka kujua kama nyumba bado ina mpika pombe, usijisumbue kuuliza watu. Tazama ukuta wake wa kusini mwezi wa tisa. Kama hopsi, ule mmea wa kutambaa ambao maua yake hutia pombe uchungu, imevunwa, mwenyewe yupo. Kama maua yamebaki juu ya kamba, yanakauka na kupukutika mpaka yanageuka rangi ya karatasi kuukuu, basi mwenyewe yuko kanisani, ila upande wa nje, chini ya nyasi.

Borghild aliliona hilo kwenye ukuta wake mwenyewe, akiwa dirishani na kikombe cha kahawa mkononi. Mumewe, Sjur, alikufa wakati wa Pasaka, theluji ikiwa bado imeshika kwenye vivuli. Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa ile hopsi. Nayo haikungoja ruhusa ya mtu. Ilipanda kamba za mwaka jana, ikavuka paa la kibanda cha pombe, ikaanza kuukumbatia mti wa tufaha kama mlevi anayetafuta pa kuegemea. Na ilikuwa imezaa kupita kiasi, kila shina limejaa maua ya kijani yanayoning'inia. Hilo ndilo lililomuudhi.

"Huna haya," aliuambia mmea kupitia kioo. "Mwenzio kafa, wewe unazaa."

Halafu akavaa koti na kutoka na kikapu, kwa sababu angefanya nini kingine?

Ua la hopsi ukilipasua kwa ukucha lina vumbi la manjano ndani, linalonata vidoleni na kunukia uchungu mtamu ambao hauna mfano. Borghild alipopasua la kwanza, ilibidi akae chini palepale kwenye nyasi zenye umande. Ilikuwa harufu ya shingo ya Sjur. Kila mwezi wa tisa, miaka yote ya ndoa yao, Sjur alikuwa akipanda kitandani akinuka hopsi, na kila mwaka Borghild alimwambia, "Nenda kaoge kwanza, wewe," naye kila mwaka alijibu kwamba hopsi ni dawa ya usingizi, kisha akalala fofofo kabla hajamaliza sentensi. Leo Borghild angetoa ng'ombe wote, zizi na nyasi zilizomo, apate kumwambia mara moja tu: nenda kaoge, Sjur.

Alilia kidogo, akajifuta pua kwa mkono wenye vumbi la manjano, akachuma mpaka kikapu kikajaa.

Jambo lililomkaa rohoni halikuwa kifo peke yake. Watu hufa. Lililomkaa ni mazishi. Katika bonde lile mtu huzikwa kwa pombe ya nyumbani kwake, iliyopikwa kwa hopsi ya ukuta wake, na waombolezaji huipitisha kwenye bakuli la mbao mkono kwa mkono mpaka watu waanze kumsema marehemu ukweli. Sjur alikuwa mpishi wa pombe ambaye hata mahasimu wake walimkubali. Lakini alikufa ghafla, kimea kimekwisha, pipa tupu, na binti yao Aslaug, mtoto mwenye moyo mzuri na haraka zake za mjini Bergen, akaja na makreti ya bia za chupa za dukani. Wanaume walikunywa kwa adabu. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyemsema Sjur lolote, si zuri si baya. Na jirani yao Ragnfrid, ambaye hajui kunong'ona hata kanisani, alisema mbele ya mchungaji, "Marehemu angeinuka akaimwaga."

Maneno hayo yalimchoma Borghild, na yaliendelea kumchoma hadi siku ile ya mavuno. Ndipo alipokata shauri. Usiku wa mkesha wa Krismasi, watu wa kule humwekea aliyekufa mwaka huo bakuli mahali pake mezani. Sjur angewekewa pombe yake mwenyewe, kwa hopsi yake na kwa chachu yake. Hata kama hatakunywa, angalau ajue kwamba hawakumzika kama mgeni aliyepita njia.

Alitandaza maua darini juu ya shuka, akashuka, akaenda kwenye kibanda cha pombe kutazama chachu.

Chachu ya nyumba ile haikutoka dukani. Ilikuwa ya baba yake Sjur, na kabla yake ya babu, na nyuma ya hapo hakuna anayejua. Ilikaa kwenye mkufu wa vipande vya mti vilivyounganishwa, uliotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Pombe ikishachacha na kutulia, mkufu huzamishwa kwenye povu, unatolewa umejaa utope wa kahawia, unaachwa ukauke. Mwaka unaofuata unazamishwa tena kwenye pipa jipya, na kilichokuwa kimelala kinaamka. Kwa mgeni ni kitu kichafu cha kutisha, kama mzizi uliofukuliwa kaburini.

Mkufu ulikuwa pale kwenye msumari wake. Ulikuwa mweupe pe.

Aliuosha yeye mwenyewe. Wiki ile baada ya maziko, mikono yake ilikataa kutulia. Alisugua sakafu, madirisha, viatu ambavyo hakuna atakayevivaa. Alichemsha maji ya magadi akaingia kwenye kibanda akasugua mapipa, sufuria ya shaba, miiko, na mkufu nao, akiusugua kipande kwa kipande kwa brashi, machozi yakidondokea humohumo ndani ya ndoo. Ameishi na chachu ile tangu alipoolewa. Hata mtoto mdogo wa bonde lile anajua kwamba mkufu hauoshwi. Na bado aliuosha, akautundika, akaondoka. Aslaug alipouona alisema, "Mama, mkufu umependeza! Unaweza kuuning'iniza sebuleni."

Jioni ya siku ile ya mavuno alimpigia Aslaug simu, akamweleza.

"Mama, usijitese," Aslaug alisema. "Hamira ipo dukani, pakiti ndogo tu. Pombe ni pombe."

"Sawa, mwanangu."

"Unalia?"

"Sina hata muda wa kulia. Nimechuma hopsi kutwa, macho yanawasha."

Akaiweka simu chini taratibu. Pombe ni pombe! Mtoto wa Sjur huyo.

Kesho yake Ragnfrid aliletwa na pua yake, maana harufu ya hopsi inayokauka darini inafika mbali. Aliketi jikoni, akakataa kahawa mara tatu kama ilivyo adabu, kisha akanywa vikombe vinne na kula jibini ya kahawia kana kwamba ametoka vitani. Borghild alimweleza. Ragnfrid alimtazama, akakitafuna kipande kizima cha mkate hadi kikaisha.

"Umeichemsha," alisema mwishowe.

"Kwa magadi."

"Mama we! Kwa magadi!" Ragnfrid akafuta makombo kifuani. "Basi unajua iliko iliyobaki."

"Sijui."

"Unajua, mwenzangu. Usinifanye mimi mtoto. Iko ng'ambo ya mto, kwa Torgils."

Borghild alijua. Alitaka tu mtu mwingine alitaje jina hilo ndani ya nyumba ile, kwa sababu lilikuwa halijatajwa humo kwa miaka mingi.

Torgils ni mdogo wake Sjur. Shamba lilimwendea mkubwa, kama desturi, na mdogo akavuka mto akajenga kijumba chake upande wenye kivuli. Hawakugombana kwa hilo. Baba yao alipofariki, Sjur alimgawia mdogo wake chachu nusu kwa nusu, na majira ya kuchipua akamchimbia na mzizi wa hopsi pale ukutani. Torgils akaupanda kwenye ukuta wa ghala lake, akaunyunyizia samadi, akaufungia kamba, akaungoja. Hopsi haizai vizuri mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nao unaweza kukupa sababu. Mwaka wa tatu ulipofika, hopsi ya Torgils ilikuwa imefika kwenye paa, imenawiri, inapendeza, haina ua hata moja la kufaa. Ina vijiua vidogo vya vumbi tu, vinavyopeperuka. Ilikuwa dume.

Ni kosa linaloweza kumpata mtu yeyote mwenye hopsi. Dume la porini huja na ndege, likaota katikati ya jike, mizizi ikasukana kama nywele, na mwenye jembe akakata usio wenyewe. Sjur hakukusudia. Lakini jioni ya kuonja pombe, watu wamejaa kibandani, Torgils aliposimama kulalamika, Sjur alikuwa amekunywa, na badala ya kusema samahani alicheka. "Si ajabu," alisema mbele ya bonde zima. "Kila kitu kwa Torgils ni dume. Paka dume, mbwa dume, hopsi dume, na mwenyewe kitandani peke yake!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Torgils alikuwa ametoka kukataliwa na mwanamke kule kijiji cha juu mwezi uleule, na Sjur alijua. Torgils akaliweka bakuli chini, akamwambia kaka yake kwamba havuki tena daraja, akatoka, na hakuvuka.

Sjur alisema atakwenda kumwomba radhi baada ya kuvuna nyasi. Halafu baada ya kuchinja. Halafu baada ya Krismasi. Wanaume wa aina hiyo hawaishiwi na baada.

Siku ya mazishi, kwenye kanisa la ng'ambo ya mto, Borghild alimwona Torgils amesimama nje ya ukuta wa makaburi, kofia mkononi, na mvua ikimnyeshea. Hakuingia. Watu walipogeuka, hakuwepo.

"Atanitukana," Borghild alisema.

"Na akutukane," Ragnfrid akajibu. "Tusi halivunji mguu. Nenda na mzizi. Na safari hii, kwa jina la Mungu, angalia vizuri."

Maua ya darini yalipokauka, Borghild alichimba mwenyewe, magoti matopeni. Hakuchukua mzizi wowote mpaka alipofuata shina kwa vidole kutoka kwenye ua, chini, chini, hadi ardhini, bila kuliachia hata mara moja. Akauzungushia gunia bichi, akajaza kikapu hopsi kavu, akavuka daraja.

Nyumba ya Torgils ilikuwa safi kwa namna ile ya watu wasiotembelewa. Na kwenye ukuta wa ghala, kuanzia chini hadi juu, kulikuwa na hopsi, kubwa ajabu, majani yake yameanza kuwa ya manjano, imefungiwa kamba mpya na kupogolewa vizuri. Dume. Borghild alisimama akaitazama, na kabla hajaamua aanze na neno gani, Torgils akatokea mlangoni. Alikuwa mwembamba kuliko kaka yake, mwenye kipara ambacho Sjur hakuwa nacho.

"Shemeji," alisema.

"Shemeji."

Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kumumunya, kama mtu anayeongea na ng'ombe zaidi kuliko watu. Borghild alikuwa ameisahau kabisa. Haikufanana hata kidogo na ya Sjur, na jambo hilo, hakujua kwa nini, lilimuumiza.

"Mbona hujaing'oa?" aliuliza akionyesha ukuta.

Torgils aliitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Nilipewa na kaka," alisema.

Walikunywa kahawa. Borghild aliikataa mara tatu, na Torgils akangoja mara zote tatu. Kisha Borghild akamweleza habari ya mkufu, bila kujitetea. Alipofika kwenye magadi, Torgils alifumba macho.

"Yangu haiko kwenye mkufu," alisema. "Iko kwenye chupa. Kisimani."

"Naomba kidogo. Nataka kumpikia Krismasi."

"Mwaka huu sijapika."

"Kwa nini?"

Torgils akainuka. Alitoka, na Borghild akasikia mnyororo wa kisima ukipanda. Alirudi na chupa nyeusi iliyozibwa kwa kitambaa, ikidondosha maji, akaiweka mezani.

"Ilitakiwa kulishwa tangu majira ya kuchipua. Sijui kama iko hai. Yote hiyo."

"Yote? Na wewe utabaki na nini?"

"Nitabaki nilivyo."

"Shemeji, ikifa kwangu, imekufa pote."

"Ndiyo."

Alisema vile tu, "ndiyo," akaangalia dirisha. Borghild alitoa mzizi kwenye gunia, akauweka karibu na chupa, na kikapu cha hopsi kando yake. Alitaka kusema kwamba Sjur alikuwa anakuja, kwamba kila mwaka alikuwa anakuja, kwamba alikufa bado yuko njiani. Lakini alichosema ni, "Huu ni jike. Nimeufuata kwa mkono."

"Weka hapo chini," Torgils alisema, bila kuugusa.

"Njoo siku ya kupika, basi. Njoo utie chachu wewe. Mimi sijui kuita."

Torgils akatikisa kichwa polepole. "Siku ile nilisema sivuki. Nilimwambia nani? Nilimwambia yeye. Sasa nani atanifungua?"

Borghild aliondoka na chupa kifuani, ndani ya koti, akitembea kama amebeba yai.

Hapa lazima niseme habari ya kuita, maana ndiyo iliyokuwa ikimnyima Borghild usingizi kuliko hata ile chupa. Chachu haimwagwi kimya kimya. Ikigusa tu ile togwa ya kimea, anayeimwaga hupiga ukelele kwa nguvu zake zote, na mlango huachwa wazi. Pombe ya aliyeita kwa nguvu huwa kali na yenye furaha. Ya aliyenyamaza hulala pipani na kulaza wanywaji. Ndivyo wanavyoamini, na usijaribu kubishana nao. Mwito wa Sjur ulijulikana bonde zima. Ulianza chini tumboni, ukapanda, ukavunjika katikati kama jogoo aliyekabwa, kisha ukaruka juu na kwenda, ukaenda, mpaka ukagonga mlima wa ng'ambo na kurudi. Watoto walikuwa wakiungoja wauigize. Lakini kule kuvunjika hakuna aliyeweza kukuigiza.

Na Borghild ni mwanamke ambaye kanisani huchezesha midomo tu.

Alipika mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Alichemsha maji na matawi ya mtarakwa wa kule kwao, ule mfupi wa kutambaa milimani, hadi yakawa ya dhahabu na kunukia msitu. Akaloweka kimea, akachuja, akaitia togwa kwenye sufuria ya shaba, na hopsi ya Sjur ndani ya mfuko wa kitani. Ragnfrid alimsaidia kunyanyua, akionja kila hatua na kulalamika kila hatua, mpaka Borghild akamfukuza kwa kisingizio kwamba kuku wake hawajalishwa. Kilichobaki alitaka kukifanya bila shahidi.

Mchana togwa ilikuwa imepoa, vuguvugu kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Alifungua mlango wazi. Mto ulisikika kule chini. Alizibua chupa, akainusa, hakuelewa alichonusa, akaimwaga yote, hadi tone la mwisho. Akavuta pumzi. Akafungua kinywa.

Kilichotoka kilikuwa kidogo na chembamba, kama mtu aliyekanyagwa mguu akiwa ibadani. Akajaribu tena, na safari hii haikutoka sauti kabisa. Aliona haya mbele ya mapipa. Akatafuta cha kulifunika pipa lisipoe, na kitu pekee kizito kilichokuwa karibu kilikuwa koti la Sjur la ngozi ya kondoo, kwenye msumari wake. Hilo hakuwa ameliosha. Alilivua msumarini siku ile ya magadi, akalinusa, akalirudisha. Akalitandaza juu ya pipa, mikono ya koti ikining'inia huku na huku.

Chachu ya nyumba ile ikiwa na afya haichukui muda. Kabla ya kahawa ya alasiri unaisikia. Borghild alikunywa kahawa ya alasiri. Akarudi, akainua koti, akatazama. Togwa ilikuwa tuli, nyeusi, imemrudishia uso wake mwenyewe. Akaenda kukamua ng'ombe, akarudi. Tuli. Akakaa kwenye kigoda, akaegemeza kichwa kwenye pipa, na jambo ambalo hakuwa amejiambia tangu Pasaka likajisema lenyewe: alimtaka Sjur arudi. Si pombe yake, si bakuli lake mezani. Yeye. Angekuja hata kwa muda wa kucheka ujinga wake na kuondoka zake. Na sasa hata kile kidogo alichoacha, kilichopita mikononi mwa baba na babu kikafika salama, yeye amekiua mara mbili.

"Shemeji."

Torgils alikuwa amesimama nje, jua likimzamia mgongoni, kikapu kitupu mkononi.

"Nimerudisha kikapu," alisema.

Borghild alijifuta macho kwa aproni. "Umevuka."

"Nilikuwa darajani tangu asubuhi." Aliangalia buti zake. "Nilisikia mmeanza, niliona moshi. Nikasema nitasikiliza tu, nikisikia mwito nitarudi nyumbani. Sikusikia kitu. Hukuita?"

"Niliita."

"Lini?"

"Mchana. Mara mbili."

"Shemeji, mimi nilikuwa pale darajani. Kama uliita, uliwaita panya."

Ilikuwa siku ya kwanza tangu Pasaka mtu kumtania. Borghild alitaka kukasirika, akashindwa. "Imekufa, Torgils," alisema. "Nimeingoja tangu mchana. Haijatikisika."

Torgils aliingia. Aliinama chini ya kizingiti palepale ambapo Sjur alikuwa akiinama. Akaweka kikapu chini, akakaribia pipa, akaona koti. Mkono wake ulisimama hewani. Kisha akauweka juu ya ngozi ile, taratibu, begani, kama mtu anayemwamsha mwenzake, akauacha hapo muda mrefu.

"Mjinga wewe," aliliambia koti. Borghild hakujifanya kutosikia.

"Mzizi nimeupanda," Torgils akasema bila kugeuka. "Kando ya lile dume. Watazoeana."

Alivua kofia. Na wakati ule alipoivua, katika ule ukimya, Borghild alisikia kitu chini ya koti. Kilikuwa kidogo mno: mchiriziko, kisha kimya, kisha mchiriziko tena, kama sufuria inayofikiria kuchemka. Alikisikia vizuri kabisa.

Torgils aligeukia mlango uliokuwa wazi, akapanua miguu, akavuta pumzi, akaita.

Ulianza chini tumboni. Ukapanda. Borghild alikuwa akijiandaa kucheka kidogo, kwa mapenzi, maana mtu anayemumunya vile ataita nini? Halafu, katikati, mwito ukavunjika. Ulivunjika pale pale, kwa namna ile ile, kama jogoo aliyekabwa, kisha ukaruka juu na kwenda juu ya mto, ukagonga mlima, ukarudi ndani ya kibanda. Borghild alishika ukingo wa pipa kwa mikono miwili. Kooni kwa mtu huyu mwembamba mwenye kipara, kumbe sauti hiyo ilikuwemo siku zote, ng'ambo ya daraja. Sauti ya Sjur ilikuwa hai, ila Torgils alikuwa akipika kimya kimya, maana pombe isiyo na hopsi haiitiwi.

Ng'ambo ya shamba mlango wa Ragnfrid ulifunguliwa kwa kishindo. "Yesu wangu!" ilisikika. "Nani huyo? Nani huyo anayeita?"

Torgils alishusha pumzi, uso umemwiva. Akainama, akainua ukosi wa koti, akatega sikio. Akakaa hivyo kidogo, kisha akamtazama shemeji yake kwa jicho la mashaka.

"Hii inafanya kazi," alisema.

"Ndiyo."

"Povu limeshafika hapa. Hii haikuanza sasa hivi. Ilianza kabla sijaita."

"Ndiyo. Nimeisikia ulipovua kofia."

"Basi kwa nini umeniacha nipige kelele kama mwehu? Haikuwa na haja yoyote."

Borghild alikuwa amefumba macho. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila kificho hadi kidevuni, na hakuinua aproni kuyafuta. Mikono ya koti la Sjur iliguswaguswa na upepo wa mlangoni.

"Ita tena," alisema.

Torgils akamwangalia. Akaangalia koti, na ikamwelea ni sauti ya nani aliyokuwa akiitaka. Akageukia mlango tena, akapanua miguu, akaita.

"Tena, shemeji," alisema Borghild.